Panya wa Saa Sita na Nusu Mchana

Ting. Kimya. Ting. Kimya. Ting.

Ilikuwa asubuhi, nimelala, macho sijayafungua, na nikajua mara moja ni nini. King'ora cha moshi. Kila aliyewahi kupanga chumba Hyattsville, huku Amerika, anaijua sauti hiyo ya betri inayoishiwa nguvu: mlio mmoja mkavu, kimya cha kukufanya udhani umekwisha, kisha mlio tena. Nikaamka kwa hasira, nikaburuta kiti hadi kwenye ujia wa ghorofa ya juu, nikapanda, nikakifungua kile kidude cheupe cha darini na kung'oa betri.

Ting.

Nilibaki juu ya kiti, betri mkononi, nikitega masikio. Mlio ulitoka chumba cha pili, cha yule mpangaji Mtanzania aliyehamia wiki mbili kabla, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tunasalimiana tu ngazini. Nikashuka, nikagonga. Akafungua akiwa amevaa dera, hedifoni zimening'inia shingoni. Akanitazama mimi, akaitazama betri, akakitazama kiti nyuma yangu, akaelewa yote, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Nisamehe, dada. Ni popo."

Nikaruka hatua nzima nyuma. "Yuko wapi?"

"Benin."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chumbani kwake, nikakaa sakafuni, na sikutoka mpaka nilipokumbuka kwamba nilikuwa na zamu ya saa tano kwenye duka la nguo huko Wheaton, na kwamba ilishakuwa saa tano kasorobo. Maana baada ya yule wa ting walifuata wengine. Yule wa ting alikuwa dume wa popo wala matunda, ananing'inia kwenye tawi na kuwaita majike, mlio baada ya mlio, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko akiomba ukumbi unyamaze apate kutoa hotuba. Lakini wengine walipiga kelele zisizosikika na sikio la binadamu, na yeye alizipunguza mwendo kwenye kompyuta mara kumi mpaka zikasikika. Mmoja alikuwa matone ya mvua juu ya bati. Mwingine filimbi inayoteremka. Wa tatu alianza polepole, tak, tak, tak, akaongeza kasi, akaishia kama zipu inayofungwa kwa haraka. "Hapo kakamata mdudu," akasema. Nikamwomba airudie. Akairudia. Nikaomba tena. Nilikuwa nimekaa Amerika miaka minne nikiandika riwaya inayokataa kuandikika, na hapa palikuwa na kiumbe cha uzito wa barua kinachosema sentensi nzima, yenye mwanzo na mwisho, katikati ya giza.

Yeye alisomea panya na popo kule Morogoro. Mradi mmoja wenye ofisi hapa mjini ukamchukua kwenda kuhesabu popo na wanyama wadogo katika mbuga za nyasi za kaskazini mwa Benin. Miezi mitatu alikuwa huko. Jua likizama walitandika nyavu nyembamba kama nywele kati ya miti, na kupanga mitego ya bati, visanduku vyenye mlango wa kujifyatua, mistari mirefu ndani ya nyasi, kila kimoja na tonge la karanga iliyosagwa. Usiku kucha wakawanasua popo. Alfajiri wakafungua mitego. Kila mnyama alipimwa uzito ndani ya mfuko wa kitambaa, akapimwa urefu wa kigasha au wa mguu, akaandikwa daftarini pamoja na saa aliyopatikana, akaachiliwa. Kila jioni nikitoka Wheaton nilimgongea, na kila jioni alinipa mnyama mmoja. Panya mwenye kishungi cha nywele kwenye ncha ya mkia, kama brashi ya rangi ya macho. Popo mwenye mabawa ya rangi ya embe bivu. Kirukanjia mdogo mwenye hasira kuliko wanyama wote, aliyemng'ata kidole akiwa ndani ya mfuko. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mahari ya dada yake.

Na alinieleza alichokitaka. Mwezi wa sita kundi lilikuwa linarudi Benin kwa duru ya pili, wakati wa mvua, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alilizungumzia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumzia mimba ya wiki chache.

Ndipo ikaja barua pepe ya Ijumaa.

Nilimkuta jikoni Jumamosi mchana, karatasi zimetandazwa mezani, chai imepoa na kufanya utando. Hakuwa analia. Alikuwa anasoma mstari mmoja na kuurudia, kidole juu yake. Mkuu wa mradi alikuwa amepitia jedwali lililochapwa ofisini kutoka kwenye madaftari yake, na alikuwa na maswali mawili, ya adabu na ya kutisha. Kwa nini, katika wiki tatu za mwisho, popo kadhaa wameandikwa kunaswa saa tatu au nne asubuhi, jua likiwaka na nyavu zimekunjwa? Na kwa nini, asubuhi baada ya asubuhi, panya wameandikwa kutolewa mitegoni saa sita na nusu mchana?

"Unajua sanduku la bati linakuwaje saa sita mchana kule?" akaniuliza. "Dada, linakuwa kikaango. Mnyama anakufa kabla ya saa tatu asubuhi. Ndiyo maana tuna sheria: mitego yote ifunguliwe kabla jua halijapanda. Huyu mtu anaona nimewaacha wanyama waive."

"Labda aliyechapa alikosea."

"Nilidhani hivyo." Akanisogezea daftari lenyewe, lenye madoa ya matope na alama ya kikombe. "Tazama mwandiko wa nani."

Ulikuwa wake. 12:30. Siku iliyofuata, 12:30. Iliyofuata, 12:35.

"Nakumbuka tulifungua alfajiri," akasema. "Nakumbuka baridi vidoleni. Lakini mkono wangu umeandika mchana. Na zile wiki za mwisho nilikuwa na malaria. Sasa nianze kuamini nini? Kichwa chenye homa au wino?"

Alitakiwa kutoa maelezo kwenye kikao cha Jumatatu. Akishindwa, wiki tatu zile zingetupwa nje ya utafiti, na hakuna atakayempeleka Benin tena mtu anayeoka panya.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia mama mwenye nyumba. Yeye ni Mkenya wa Molo, na huwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea huko Oxon Hill. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, yunifomu ya zambarau, viatu mkononi. Akatutazama.

"Mmefiwa?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akaweka miguu juu ya kiti kingine, akashusha miwani kutoka kwenye nywele.

"Hebu nione hao wanyama wa mchana."

"Hawa, mama. Saa sita na nusu."

"Mimi naona kumi na mbili na nusu."

"Ndiyo. Ndiyo sita na nusu hiyo, mchana."

"Aki mimi nasoma kilichoandikwa. Kumi na mbili na nusu." Tumbo lake likaanza kutikisika, kisha mabega. "Wewe daktari wa panya. Kwenu Morogoro, ulikuwa unaamka saa ngapi kwenda shule?"

"Mama, tafadhali. Nina tatizo."

"Nijibu! Mtoto wa shule kwenu anatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na..." Akalivuta daftari.

Mama mwenye nyumba akapiga meza kwa kiganja. "Si hiyo ni saa ya nyumbani! Umeandika saa ya nyumbani kwa daftari ya wazungu!"

"Haiwezekani," akasema yule mwenzangu. "Mimi tangu sekondari naandika saa za ishirini na nne. Mimi ni mtu wa sayansi, mama."

"Na mimi nilikuwa karani wa ushirika, najua kuandika. Unajua wiki yangu ya kwanza hapa nilifanya nini? Nilimpa mzee dawa ya presha saa mbili asubuhi, nikaandika kwa faili: saa mbili. Mbili kamili! Mwenye zamu ya pili anakuja, anaona mzee ameamshwa usiku wa manane kupewa dawa, na ya asubuhi hakupewa. Akataka kumpa ingine. Ngai! Mzee mwenyewe ndiye alikataa, akasema huyo mama mweusi alinipa na uji. Supavaiza akaniita ofisini. Ati, nani alikutuma uamshe watu saa nane za usiku? Nilisimama hapo naona ndege ya kurudi Nairobi ikiwashwa."

Tulicheka, lakini mwenzangu hakucheka pamoja nasi. Alikuwa amesimama, anazunguka meza, viganja kichwani.

"Fundi wa nyavu," akasema. "Jamani. Fundi wa nyavu!"

Kambi nzima ilikuwa na Waswahili wawili: yeye na fundi wa nyavu, mtu mzima wa Iringa mwenye wajukuu, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote wa kumnasua popo bila kumvunja kidole. Zamu nyingine alishika nyavu mwelekezaji wao, Mbenin aliyesema Kifaransa. Yeyote aliyekuwa kwenye nyavu ndiye aliyetazama saa na kuitangaza kwa sauti, na mwenzangu akaiandika, tochi mdomoni, popo kwenye glavu. Mbenin akisema saa kwa Kifaransa, aliandika kwa Kifaransa. Fundi akisema kwa Kiswahili, aliandika alichosikia. Mwanzoni alikuwa akikumbuka kubadilisha. Homa ilipomshika, akaacha kukumbuka, na hakujua kwamba ameacha.

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kukimbia barabarani. Miaka yote hiyo natafuta hadithi, na hapa palikuwa na mwanamke aliyeishi wiki tatu katika saa mbili kwa wakati mmoja!

"Basi imekwisha," nikasema. "Unatoa sita kila mahali."

"Si kila mahali." Alishakaa tena, kalamu mkononi, na macho yake yalikuwa yamepata uhai. "Tazama. Hapa, 2:40. Kama alisema fundi, ni saa mbili na dakika arobaini usiku, watu ndiyo wanakula. Kama alisema Mbenin, ni karibu na saa tisa usiku. Na mara nyingi walibadilishana zamu katikati. Nitajuaje?"

Akamtumia fundi ujumbe. Jibu lilikuja kwa sauti, na kuku nyuma yake: "Mwanangu, mimi nakumbuka mvua gani ilinyesha na nani alikula samaki wangu. Hayo mengine usiniulize. Pole na baridi."

Kisha mwenzangu akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege aliyetua: "Kelele niliweka wapi?"

Kando ya kila wavu, akatueleza, palikuwa na kinasa sauti kwenye nguzo. Saa ya ndani ya vinasa ilikuwa ikijifuta kila betri inapobadilishwa, kwa hiyo haikuwa na msaada. Lakini vinasa vilinasa kila kitu. Programu ya ofisini huchambua: faili lenye popo linahifadhiwa, lisilo na popo linatupwa kwenye folda iitwayo Kelele, nayo hufutwa kuokoa nafasi. Upepo, wadudu, punda, watu.

"Watu," nikarudia.

"Watu wanaotangaza saa," akasema. "Kila usiku una folda yake, na mafaili yamejipanga kwa mfuatano. Nikisikia ni mdomo wa nani uliosema, nimeijua saa."

"Na folda ya Kelele ilifutwa?"

Alipanda ngazi mbilimbili. Tulimsikia juu akifungua masanduku, akidondosha kitu, na nikagundua kwamba nimeshika mkono wa mama mwenye nyumba. Aliporudi alikuwa na kisanduku cha diski ndani ya soksi. "Waliniambia niifute," akasema akihema. "Nilinakili kwanza. Nilikuwa naisikiliza nikikosa usingizi."

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kusoma. Mara moja kwa mwezi tunakutana Wheaton, sisi tunaoandika kwa Kiswahili huku, tunasomeana sura na kuumizana kwa upole. Niliwaandikia kwamba nimepatwa na popo, nikazima simu. Saa nane mchana tulikuwa mezani watatu, kila mmoja na kompyuta au simu, kila mmoja na hedifoni. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kanisani na hakuvua kilemba. Alizivaa hedifoni juu yake na kukaa wima kama rubani. Mwenzangu alikuwa ametugawia usiku, kila mtu saba. Anayesikia mtu akitangaza saa ainue mkono.

Nusu saa ya kwanza sikusikia ila upepo. Kisha chura. Kisha nyenje wengi mpaka nikahisi meno yananiwasha. Mtu akakohoa, nikainua mkono, nikaushusha. Mtu akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisa na kusahau wa pili. Nilianza kuipenda ile kambi kama unavyompenda mtu unayemsikia kupitia ukuta. Na ghafla, karibu sana, kama amekaa ndani ya sikio langu, sauti ya mzee wa Iringa:

"Huyu ana masikio kama mwavuli, jamani! Saa mbili na arobaini. Andika, binti, andika, ananing'ata!"

Nilipiga kelele. Mama mwenye nyumba akamwaga chai. Mwenzangu alishalifungua daftari, kidole kinateremka ukurasa, na pale kilipofika: 2:40, popo, masikio makubwa. Akaandika kwenye karatasi ya pembeni: fundi. Kiswahili. "Tena," akasema. "Endelea."

Baada ya hapo hatukusimama. Mama mwenye nyumba akainua mkono: "Huyu ni yule wa Kifaransa, anaongea kama Mkongo wetu wa kazini aliyenifunza kuhesabu. Anasema saa mbili na dakika kumi, halafu anatukana mbu." Saa mbili ya Kifaransa, basi ni ile yetu ya nane usiku. Mbenin. Hiyo iachwe kama ilivyo. Nikainua mimi: fundi, saa tisa na dakika ishirini, na kule kwenye jedwali popo wake alikuwa amenaswa saa tatu asubuhi, jua kali. Tukamhamisha kwenye giza lake. Mmoja baada ya mwingine tuliwatoa popo juani na kuwarudisha usiku, na kila mmoja tulimpigia makofi.

"Huyu fundi anajamba sana," mama mwenye nyumba akatangaza.

"Mama!"

"Nasema ninachosikia. Andika: fundi, saa nne, amejamba."

Lakini panya bado. Nyavu zilikuwa na vinasa, mitego haikuwa navyo, na mkuu wa mradi angeweza kusamehe popo lakini si wanyama waliookwa. Mwenzangu aliacha kucheka kila alipofika mwisho wa usiku bila kitu. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni mama mwenye nyumba aliponyoosha kiganja, si kuinua mkono, bali kutunyamazisha.

"Kanga," akanong'ona.

"Kanga gani?"

"Ndege! Wale wa madoadoa. Kwetu walikuwa wanakula mahindi ya baba yangu. Hao hupiga kelele kunapopambazuka." Akafumba macho. "Na kuna mtu anatwanga. Mama anatwanga mapema." Kisha uso wake wote ukafunguka, akachomoa waya wa hedifoni ili tusikie sote. Kanga wakalijaza jiko. Nyuma yao, mchi kwenye kinu, taratibu. Nyayo. Na fundi, sauti nzito ya usingizi:

"Kumi na mbili na nusu. Twende mitegoni, binti, kabla jua halijatoka. Hawa watoto wasituivie."

Na sauti ya mwenzangu mwenyewe, ya homa, nyembamba: "Nakuja, baba. Nimeandika."

Alifunika uso kwa mikono. Nadhani ndipo tu alipojiamini. Siyo pale alipoelewa kosa, bali pale alipojisikia akiwa amesimama, mgonjwa, kwenye alfajiri aliyoikumbuka.

Tulipojua pa kutafuta, mwisho wa kila usiku, asubuhi zilitoka moja baada ya nyingine. Zote isipokuwa mbili. Kwenye hizo mbili palikuwa na kanga, na upepo, na hakuna aliyesema neno.

"Hizi nazo naweka kumi na mbili na nusu," mwenzangu akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Unajua, au umesikia?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Mama, ni zile zile. Najua."

"Sikuuliza hivyo."

Mwenzangu akaweka kalamu chini. Na kisha likatoka lililokuwa ndani: hakutaka kupeleka daftari kabisa. Angechapa jedwali upya usiku ule, safi, saa zote sahihi, na kusema ofisi ilikosea kunakili. Nani angejua? "Nikisema ukweli, unajua watakachosikia? Kwamba wamemleta mtu kutoka Afrika asiyejua kusoma saa. Nitakuwa kichekesho cha kila kikao."

Mama mwenye nyumba alivua hedifoni, na kilemba kikaja nazo. Akalichukua daftari. "Nikuonyeshe kazi yangu mimi. Ukikosea kwa faili ya mgonjwa, hufuti. Hupaki ile dawa nyeupe ya kufutia juu. Unapiga mstari mmoja, hivi, mmoja tu, ili kila mtu aone ulichoandika kwanza. Unaandika sahihi kando. Unaweka saini. Ile siku ya supavaiza, ndicho kilichoniokoa. Nilipiga mstari mbele yake, nikamwambia, hii ndiyo saa ya kwetu, inaanza jua likitoka. Alicheka, ndiyo. Alicheka wiki nzima. Lakini mpaka leo, akitaka kujua mzee amekula nini, anaitisha faili niliyoandika mimi."

Nikajitolea kuandika barua ya maelezo. Niliingia chumbani na kutoka na kurasa mbili: jua linalozaa siku, watu wanaoihesabu kuanzia kuzaliwa kwake, mwanamke mgonjwa kati ya lugha mbili chini ya nyota. Mwenzangu akaisoma yote kwa heshima.

"Dada, hii ni nzuri sana," akasema. "Haina hata saa moja ndani yake."

Akaandika yake, mistari mitano. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kuanza kwenye daftari, 12:30, mstari mmoja, 6:30 kando, saini. Kwenye zile asubuhi mbili alipiga mstari, akaandika: saa haijulikani. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kabla hajaandika neno hilo la mwisho.

Jumatatu nilikuwa dukani nakunja fulana, simu mfukoni kinyume cha sheria. Saa saba ikatetemeka. *Wamesikiliza sauti.* Nikakunja fulana tatu. *Wamecheka.* Nikaiangusha ya nne. *Sasa wameomba kusikiliza tena, ile ya kanga.* Kisha hakuna kitu, saa mbili nzima, na nilikunja fulana za watoto kwenye rafu ya watu wazima.

Uamuzi ulikuja Jumatano. Popo wote waliosikika walikubaliwa. Panya walikubaliwa isipokuwa wa asubuhi zile mbili, ambao waliondolewa. Mkuu wa mradi alikuwa ameandika kwamba tangu sasa folda za Kelele zisifutwe, na kwamba angependa kuona jina la mwenzangu kwenye tiketi ya Benin kabla Ijumaa haijapita. Mwenzangu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama ngazini. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anakaanga mayai, alitoka na mwiko na kucheza pale pale, nyonga huku, nyonga kule, akiimba wimbo wa Kikikuyu ambao mpaka leo amekataa kunitafsiria, na mayai yakaungua, na mimi nikaimba pia ingawa siujui.

Mwenzangu aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tano, asubuhi ya mvua nyepesi. Mitego mipya ya bati ilikuwa imefungwa kwa kamba pande mbili, na iligongana kila alipoinyanyua. Mama mwenye nyumba alikuwa nje ndani ya gari, anapiga honi, maana alikuwa na zamu na uwanja wa ndege haukuwa njiani.

"We mwanamke, hiyo ndege haitakungoja kwa sababu ya panya!"

"Nakuja, mama!"

Akanikumbatia kwa haraka na vibaya, kamba na bati katikati yetu. Nikamwuliza kama ameweka dawa za malaria. Akasema ndiyo, nikamwambia nionyeshe, akacheka na kuguna na kufungua mkoba na kunionyesha. Honi ikalia tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mizigo, kwa hiyo akaudaka mlango kwa kisigino na kuuvuta nyuma yake mpaka ukajifunga.